Sembène: Kuli Aliyekifikisha Kiwolofu Venice

Kuna dhana iliyoota mizizi miongoni mwa walimu na wanafunzi wetu kwamba msanii wa Kiafrika akitaka kazi yake ivuke mipaka ya nchi yake, sharti aitunge kwa Kiingereza au Kifaransa. Dhana hiyo hujitokeza hasa wakati shule zinapojiandaa kwa tamasha za drama na filamu. Mwalimu anayependekeza kazi ya Kiswahili, seuze ya Kikamba au Kiluhya, huambiwa kwamba anawafungia wanafunzi wake mlango wa ulimwengu. Nimeona vyema leo nimzungumzie mtu mmoja ambaye maisha yake yanaijibu dhana hiyo kwa vitendo. Mtu huyo ni Ousmane Sembène wa Senegali, mwandishi na mtengenezaji filamu, aliyefariki tarehe 9 Juni 2007 mjini Dakar.

Sembène alizaliwa mwaka wa 1923 katika mji wa Ziguinchor, eneo la Casamance, kusini mwa Senegali, nchi hiyo ikiwa bado koloni la Ufaransa. Baba yake alikuwa mvuvi. Masomo yake ya darasani hayakufika mbali, kwani alifukuzwa shule angali mvulana baada ya kugombana na mwalimu mkuu. Alihamia Dakar akawa mtu wa kazi za mikono: uashi, useremala, ufundi wa mitambo. Mwaka wa 1944 aliingizwa katika jeshi la Ufaransa, kama walivyoingizwa vijana wengi wa Kiafrika waliotakiwa kuipigania nchi iliyowatawala. Vita vilipokwisha, nchi yake ilikumbwa na mgomo mkubwa wa wafanyakazi wa reli ya kutoka Dakar hadi Niger, uliodumu tangu Oktoba 1947 hadi Machi 1948. Mgomo huo ndio uliokuja kumpa riwaya yake mashuhuri kuliko zote, ambayo wanafunzi wetu wa fasihi huijua kwa jina la Kiingereza, God's Bits of Wood, na ambayo ilitoka kwa Kifaransa mwaka wa 1960.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 alivuka bahari hadi Ufaransa, na hatimaye akawa kuli katika bandari ya Marseille. Waliowahi kuyaona maisha ya makuli wa Kilindini hawatahitaji kuelezwa jinsi kazi hiyo inavyomchosha mtu. Kule Marseille, Sembène aliumia mgongo akipakua shehena. Lakini bandari hiyo ilimpa kitu ambacho shule ilimnyima. Alijiunga na chama cha wafanyakazi na pia chama cha Kikomunisti, na katika maktaba zao akajisomea kwa bidii ya mtu mwenye njaa. Riwaya yake ya kwanza, Le Docker noir, yaani kuli mweusi, ilichapishwa mwaka wa 1956. Mtu asiyemaliza shule ya msingi akawa mwandishi wa vitabu kwa lugha ya wakoloni wake.

Hapo ndipo lilipozuka tatizo lililoutawala uhai wake wote uliosalia. Senegali ilipata uhuru mwaka wa 1960, Sembène akarejea kwao na kuzunguka sehemu mbalimbali za Afrika. Aligundua kwamba watu aliowaandikia hawakuwa wakimsoma. Wafanyakazi wa reli, akina mama wa sokoni, makuli na wakulima aliowajaza katika riwaya zake hawakujua Kifaransa, na wengi wao hawakujua kusoma lugha yoyote ile. Vitabu vyake vilisomwa na Wafaransa pamoja na Waafrika wachache waliopitia shule za Wafaransa. Akaona kwamba sinema ingeweza kuwafikia wale ambao kitabu hakiwafikii. Hivyo basi, mwaka wa 1962, umri wake ukikaribia miaka arobaini, alikwenda Moscow kujifunza utengenezaji wa filamu katika studio ya Gorky, chini ya mwelekezi Mark Donskoy. Wengi wetu katika umri huo huwa tumekwisha kujiambia kwamba muda wa kujifunza umepita.

Lazima tukumbuke hali ilivyokuwa. Tangu mwaka wa 1934 palikuwa na amri ya serikali ya Ufaransa iliyomkataza mtu yeyote kupiga filamu katika makoloni yake ya Afrika bila ya idhini. Kwa muda wa kizazi kizima Mwafrika wa makoloni hayo alipigwa picha na wengine, akaelezwa na wengine, wala hakuruhusiwa kuishika kamera mwenyewe. Kwa hivyo Sembène alipotoa filamu yake fupi Borom Sarret mwaka wa 1963, alikuwa akifungua njia isiyokuwapo. Ni kisa cha dakika takriban ishirini kuhusu mwenye gari la farasi anayetafuta riziki mjini Dakar. Abiria mmoja anamshawishi aingie katika mtaa wa wakubwa, ambako magari ya aina hiyo yamepigwa marufuku, na polisi wanamnyang'anya gari lake. Anarudi nyumbani kwa miguu, bila gari na bila senti.

Mwaka wa 1966 ikafuata La Noire de..., filamu ya takriban saa moja. Inasimulia habari za Diouana, msichana anayechukuliwa kutoka Dakar na familia ya Kifaransa kwenda kulea watoto katika mji wa Antibes, lakini akifika huko anageuzwa mtumishi wa kupika na kufua, amefungiwa katika nyumba asiyoweza kutoka. Hatimaye anajiua. Sembène alipokuwa ameomba msaada kutoka ofisi ya Ufaransa iliyogharimia filamu za Waafrika, muswada wake ulikataliwa. Akaitengeneza hivyo hivyo kwa fedha kidogo, na mwaka huo huo ikatunukiwa tuzo ya Jean Vigo nchini Ufaransa pamoja na tuzo kuu katika tamasha la kwanza la filamu la Carthage, nchini Tunisia.

Sifa zilikuwa nyingi, lakini sikio la mwanaisimu halikosi kusikia kasoro katika filamu hizo mbili za awali. Mwenye gari wa Borom Sarret anawaza kwa Kifaransa. Diouana naye, ambaye mateso yake yanatokana kwa sehemu kubwa na kutoweza kuzungumza na waajiri wake, anasikika akiwaza kwa Kifaransa fasaha, kwa sauti ya mwigizaji mwingine aliyetiwa baadaye. Mtu aliyenyimwa lugha anaeleza kunyimwa kwake kwa ufasaha wa lugha ile ile aliyonyimwa! Mtazamaji wa Paris huenda asilitambue jambo hilo. Mtazamaji wa Dakar hakosi kulitambua.

Jibu la Sembène lilikuwa Mandabi, filamu iliyoonyeshwa katika tamasha la Venice, Italia, mwaka wa 1968. Kisa chake ni chepesi kueleza. Ibrahima Dieng, mzee asiye na kazi, mwenye wake wawili na watoto saba, anapokea barua kutoka kwa mpwa wake anayefagia barabara mjini Paris. Ndani ya barua mna hawala ya posta ya faranga 25,000. Kati ya hizo, 20,000 ni za kumwekea kijana mwenyewe akiba, 3,000 ni za mama yake kijana, na 2,000 tu ndizo za Dieng. Habari zinaenea mtaani kabla hajaiona hata senti moja, na wenye shida wanaanza kubisha hodi. Posta wanamdai kitambulisho. Ili apate kitambulisho anahitaji cheti cha kuzaliwa na picha. Ili apate cheti anatakiwa ataje tarehe ya kuzaliwa kwake, naye hajui ila mwaka wa kukisia. Mpiga picha anamlaghai. Mwishowe jamaa yake msomi, aliyevaa suti, anajitolea kumsaidia, anaichukua hawala, na fedha zinaishia mfukoni mwake.

Mkenya yeyote aliyewahi kuzungushwa baina ya ofisi ya chifu na ofisi ya msajili hahitaji kufasiriwa kisa hiki. Nia yangu, hata hivyo, ni kuonyesha jinsi lugha inavyokibeba. Dieng hawezi kusoma barua yake mwenyewe, na inambidi amlipe mtu amsomee. Karani haongei na Dieng, bali anazungumza na karatasi zake, na karatasi hizo zimeandikwa Kifaransa. Ujanja wa yule jamaa msomi unatokana na kuijua lugha ya ofisi. Kwa maneno mengine, Dieng anaibiwa kwa sababu nchi yake huru inaendeshwa kwa lugha ambayo raia wake walio wengi hawaijui.

Sasa, sehemu ya fedha za filamu hiyo ilitoka Ufaransa, na masharti yake yalimlazimu Sembène atengeneze matoleo mawili, moja la Kifaransa na jingine la Kiwolofu. Hebu msomaji alifikirie hilo toleo la Kifaransa. Mzee anasimama mbele ya karani, wote wawili wakizungumza Kifaransa, na papo hapo tunaombwa tuamini kwamba mzee huyo hafahamu Kifaransa. Kisa kinaporomoka. Toleo la Kiwolofu ndilo lililodumu, na ndilo linalotajwa leo kuwa filamu ndefu ya kwanza ya Afrika Magharibi kusemwa kwa lugha ya Kiafrika. Hata jina lake lina mafunzo. Mandabi limetokana na neno la Kifaransa mandat, lenye maana ya hawala, likafungamanishwa na kibainishi bi cha Kiwolofu, ambacho hukaa baada ya nomino. Kiwolofu kililichukua neno geni na kulitia katika ngeli zake, kama vile Kiswahili kilivyolichukua kitabu kutoka Kiarabu kikalipa wingi wa vitabu. Lugha iliyo hai haiogopi kukopa.

Wazungu waliokaa katika kumbi za Venice hawakujua neno la Kiwolofu. Waliisoma tafsiri iliyoandikwa chini ya picha, kama walivyozoea kuisoma kwa filamu za Wajapani na za Wasweden. Hapo ndipo hoja ya kwamba lugha zetu hufunga milango inapokosa mguu wa kusimamia. Mtengenezaji filamu wa Japani haulizwi kwa nini hakutumia Kiingereza. Mbona Mwafrika aulizwe?

Baadhi ya watu humchukulia Sembène kama mtetezi wa Kiwolofu. Ukiitazama kazi yake kwa jumla, utaona kwamba kanuni yake ilikuwa pana kuliko hiyo. Filamu ya Emitaï ya mwaka wa 1971, inayohusu wanakijiji wa Casamance waliokataa kutoa mpunga wao kwa jeshi la Ufaransa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ilisemwa kwa Kidiola, kwa kuwa wanakijiji hao ni Wadiola. Camp de Thiaroye, aliyoielekeza pamoja na Thierno Faty Sow na ambayo ilipewa tuzo maalumu ya majaji huko Venice mwaka wa 1988, inahusu askari wa Kiafrika waliotoka vitani Ulaya, wakadai malipo yao, na kupigwa risasi na jeshi la Ufaransa tarehe 1 Desemba 1944. Askari hao walitoka nchi nyingi, kwa hivyo katika filamu wanazungumza kile Kifaransa cha kijeshi kilichovunjikavunjika, ndugu wa Kiswahili cha KAR kilichowaunganisha askari wa Afrika Mashariki. Moolaadé ya mwaka wa 2004 ilipigwa katika kijiji cha Burkina Faso kwa Kibambara. Kila mhusika alipewa lugha ambayo angeitumia kweli, na Kifaransa kilipewa mahali pake pale ambapo Kifaransa hutumika.

Kanuni hiyo ilimwezesha kuionyesha lugha kama chombo cha mamlaka. Katika Xala, iliyotoka mwaka wa 1975, tajiri El Hadji Abdoukader Beye huzungumza na binti yake Rama kwa Kifaransa, naye binti humjibu kwa Kiwolofu. Tajiri huyo anapofilisika na kufukuzwa katika chama cha wafanyabiashara wenzake, ndipo anapoomba ajitetee kwa Kiwolofu, na wenzake wanamkatalia. Hakuna mhadhara wa isimujamii ninaoujua ambao umelieleza suala hili kwa uwazi kuliko matukio hayo machache.

Nimefikia sasa kisa kinachonigusa zaidi kitaaluma. Mnamo mwaka wa 1977, Sembène aliipeleka filamu yake Ceddo katika tamasha la Cannes, katika kitengo cha wiki mbili za waelekezi. Nyumbani Senegali ikapigwa marufuku. Sababu iliyotolewa rasmi ilihusu herufi moja. Rais Léopold Sédar Senghor, mshairi mkubwa na mtaalamu wa sarufi, alikuwa ameidhinisha kanuni za kuandika lugha za taifa, na kwa mujibu wake neno hilo lilipaswa kuandikwa kwa d moja. Sembène alikataa kuiondoa d ya pili. Si yeye peke yake aliyesumbuliwa kwa jambo hilo. Gazeti la mwanahistoria Cheikh Anta Diop lililoitwa Siggi nalo liliandamwa kwa sababu ya g zake mbili.

Msomaji asicheke. Katika Kiwolofu, urefu wa konsonanti hubadilisha maana. Gëm ni kuamini, na gëmm ni kufumba macho. Jirani zetu Waganda wana jambo hilo hilo: okuta ni kuachilia, okutta ni kuua, na ole wake hakimu atakayeichezea t moja. Kwetu sisi kibofyo kilicho katika ng'oa hutofautisha kitendo cha kukinyofoa kitu ardhini na ile ngoa yenye maana ya matamanio. Kwa mizani ya fonolojia, Sembène alikuwa na haki. Hata hivyo, wengi waliamini kwamba ugomvi wa tahajia ulikuwa pazia tu, kwani Ceddo inaonyesha jinsi imamu anavyotwaa utawala wa kijiji kwa nguvu na kuwalazimisha watu wabadili dini, katika nchi ambayo raia wake wengi ni Waislamu. Filamu hiyo haikuruhusiwa kuonyeshwa hadi Senghor alipokwisha kuondoka madarakani mwishoni mwa mwaka wa 1980. Sembène aliipa nyumba yake ya Yoff, pembezoni mwa Dakar, jina la Galle Ceddo, na d zake zote mbili.

Inafaa tukumbuke kwamba mwaka huo huo wa 1977, hapa Kenya, mchezo wa Ngaahika Ndeenda ulinyimwa kibali baada ya kuigizwa kwa Kikuyu na wanakijiji wa Kamiriithu, na mwisho wa mwaka marehemu Ngugi wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Ngugi alikuwa amechapisha riwaya kwa Kiingereza kwa miaka mingi bila ya kufungwa. Serikali mbili zilizo mbali sana zilitambua jambo ambalo walimu wetu wengi bado hawajalitambua, kwamba kazi ya sanaa huwa na nguvu ya pekee inapoeleweka na kila aliyemo uwanjani.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Kwanza, Kiwolofu hueleweka na Wasenegali walio wengi, ilhali sisi tuna lugha zaidi ya arobaini. Ni kweli, lakini tuna Kiswahili, ambacho Katiba ya mwaka wa 2010 imekifanya lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Pili, Sembène mwenyewe aliendelea kuandika riwaya kwa Kifaransa. Hilo pia ni kweli, ingawa mwanzoni mwa miaka ya 1970 alishirikiana na mwanaisimu Pathé Diagne kuanzisha Kaddu, gazeti la Kiwolofu. Tatu, gharama. Pingamizi hili ndilo zito kuliko yote. Uhuru wa Sembène ulimgharimu. Alianzisha kampuni yake, Domirev, jina lenye maana ya wana wa nchi, akahangaika kutafuta fedha huku na huko, na miaka mingi ikapita baina ya filamu moja na nyingine. Camp de Thiaroye iliwezekana kwa sababu Senegali, Algeria na Tunisia zilichangia, kwani hakutarajiwa Mfaransa alipie filamu ya kumshtaki. Anayekulipia mara nyingi ndiye anayekuchagulia lugha. Kwa hivyo tukitaka filamu zisemwe kwa lugha zetu, hatuna budi kuchangia sisi wenyewe, serikali zetu zikiwa mbele.

Mnamo Mei 2004, Sembène akiwa na umri wa miaka 81, Moolaadé ilipata tuzo huko Cannes katika kitengo cha Un Certain Regard. Inamhusu Collé Ardo, mwanamke anayewapa hifadhi wasichana wanne waliokimbia kukeketwa, na wazee wa kijiji wanaoamuru redio za wanawake zikusanywe na kuchomwa ili wasiendelee kusikia mambo ya nje. Hapa kwetu sheria ya kupiga marufuku ukeketaji ilipitishwa mwaka wa 2011, lakini kila mwalimu wa maeneo yanayohusika anajua kwamba sheria iliyoandikwa kwa Kiingereza haimfikii nyanya aliyeushika wembe. Filamu inayozungumza lugha ya nyanya huyo inaweza kumfikia.

Kwa walimu wanaosoma safu hii nina ombi moja. Mtakapoketi kuchagua lugha ya filamu ya shule yenu, msianze kwa kuuliza majaji watapenda nini. Waulizeni wanafunzi mhusika huyu angesema lugha gani akiwa nyumbani kwake, na angelazimika kubadilisha lugha akifika mbele ya nani. Wakilijibu swali hilo kwa ukweli, sehemu kubwa ya muswada itakuwa imekwisha kuandikwa. Tafsiri ya kuwekwa chini ya picha kwa ajili ya wageni inaweza kusubiri hadi mwisho, kama ilivyosubiri Mandabi ilipokuwa njiani kuelekea Venice.